Shaba Haiozi

Kila msomaji wetu wa Lubumbashi anaujua ule mlima mweusi ulio karibu na bomba refu la moshi. Mgeni anayefika mara ya kwanza huuliza jina la mlima, akidhani umekuwako tangu kuumbwa kwa dunia pamoja na vilima vingine vya Katanga. Kumbe ni kazi ya mikono ya watu. Ulianza kumea katika mwaka 1911, ukaendelea kupanda karibu miaka themanini, kwa kuwa mchana na usiku mabaki ya moto yaliyotoka tanuruni yalimwagwa juu yake. Wahunzi wa zamani waliyaita mabaki ya namna hiyo mavi ya chuma. Msione haya kwa neno hilo. Ndilo neno la ufundi wao, na sisi hatujapata lililo wazi kuliko hilo. Basi, mlima wa Lubumbashi ni mavi ya shaba, zaidi ya tani milioni 10. Na tangu mwanzo wa karne hii watu wameanza kuyarudisha motoni, maana wamegundua ya kuwa ndani yake kumelala mali.

Siku hizi wenye elimu ya mali wana neno lao jipya: uchumi wa mzunguko. Wasema hivi: kwa miaka mingi viwanda vya dunia vilifuata njia moja iliyonyoka, yaani kuchimba, kutengeneza, kutumia na kutupa. Njia hiyo ina mwisho, kwani ardhi haizai madini kama mhogo. Afadhali njia ipindwe iwe duara, kitu kilichokwisha kazi kirudi kwa fundi, kiyeyushwe, kiwe kitu kipya. Hivyo nchi itasitawi bila kuwaachia wajukuu mashimo matupu. Neno ni zuri nasi hatulikatai. Ila twaona haya ya kulipokea kama habari ngeni iliyotoka ng'ambo, maana historia ya shaba yetu ni historia ya duara tangu zamani sana. Tena historia hiyo yatufundisha kuuliza swali ambalo wenye neno jipya hawaliulizi mara nyingi: duara linapozunguka, moto wa mwisho unawaka kwa nani? Kwa maana pale unapowaka moto wa mwisho ndipo mali inapohesabiwa.

Tuanze na wafu, kwa kuwa wao hawasemi uwongo. Katika miaka 1957 na 1958 wataalamu wawili, Jean Hiernaux na Jacques Nenquin, walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Walikuta vyungu vizuri ajabu, minyororo, mikufu na bangili za shaba, na misalaba midogo ya shaba. Wengine walichimba baada yao, kama Pierre de Maret, wakapanga makaburi kwa umri wake. Ndipo ikaonekana jambo la kushangaza. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni mikubwa na michache. Katika yale yaliyofuata, tangu karne ya 14 hivi, misalaba imekuwa midogo na mingi, nayo mara nyingi iko karibu na mikono ya marehemu, kama vile mtu anavyoshika fedha zake. Wataalamu wakafahamu ya kuwa shaba imekwisha kuwa sarafu.

Lakini katika bonde la Upemba hakuna shaba hata kidogo. Shaba ilitoka kusini, mwendo wa siku nyingi, ikachukuliwa mabegani mwa watu. Huku kusini wahunzi waliimimina katika kalibu, ndiyo shimo lililochorwa mchangani kwa mfano wa msalaba, wakasubiri ipoe. Kwa nini msalaba? Mwenye kusafiri anajua: kitu chenye mikono minne hufungwa kwa kamba upesi, wala hakiteleze. Msalaba huu haukuwa na maana ya dini. Ulikuwako kabla ya misionari wa kwanza kufika. Ulilipa mahari, ulilipa kodi ya sultani, ulinunua chumvi na nguo.

Sasa fikirini tofauti ya sarafu ile na sarafu zetu. Noti ya franka ikipoteza bei, hubaki karatasi, wala haifai hata kuwashia moto wa kutosha chai. Msalaba wa Katanga ukipoteza bei ulibaki shaba. Mwenye misalaba aliweza kumpelekea fundi, fundi akaiyeyusha, akatoa bangili, ao waya, ao kichwa cha mkuki. Na bangili ikivunjika ilirudi motoni. Hakuna kilichotupwa. Wazee wetu hawakuwa na neno uchumi wa mzunguko, lakini hawakuwa na desturi ya kutupa shaba vilevile. (Serikali ya Katanga iliyojitenga tangu Julai 1960 hata Januari 1963 ilikumbuka jambo hili, ikaweka misalaba mitatu katika bendera yake, na mwaka 1961 ikatoa sarafu zenye sura ya msalaba. Ya siasa ile tunayaacha.)

Namna walivyofanya kazi tunaijua vizuri, na kwa sehemu twaijua kwa sababu ya askofu mmoja. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, alifika Katanga mwaka 1910 akakaa hata kufa kwake mwaka 1958. Mengi yamesemwa juu yake, mazuri na mabaya, hasa juu ya urafiki wake na wenye kampuni. Lakini jambo moja hatuwezi kumnyima: aliwauliza wazee waliopata kuyeyusha shaba kabla ya Wazungu, akayaandika maneno yao, na makala yake ikatolewa mwaka 1926 kwa jina la "walaji wa shaba wa Katanga". Ndivyo walivyoitwa watu hao katika lugha zao. Kula shaba maana yake kujipatia mali kwa shaba, kama tunavyosema leo mtu amekula fedha, ila pasipo wizi.

Kazi ilikuwa ya kiangazi, baada ya mtama kuvunwa. Kijiji kizima kilihamia karibu na kilima chenye mawe ya kijani. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota vipande vilivyotawanyika juu ya ardhi, wakavisafisha mtoni. Makaa hayakuchomwa kwa mti wowote tu, bali kwa mti mgumu uitwao mubanga, kwa maana moto wake una nguvu na unadumu. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwani udongo huo umekwisha kukandwa na mchwa vizuri kuliko awezavyo mtu. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya mnyama. Fundi mkuu alikuwa na dawa zake na miiko yake, na ufundi wenyewe ulikuwa siri ya chama. Mtu hakuingia bila kufundishwa na kulipa.

Katika karne ya 19 wakafika Wayeke, waliotoka mashariki, nchi ya Usumbwa upande wa Unyamwezi, iliyo leo Tanzania. Mkubwa wao alikuwa Msiri, aliyekaa Bunkeya hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Wayeke walileta ustadi wa kuvuta waya mwembamba sana wa shaba, wakasuka bangili za mguu ambazo hata leo zinatunzwa katika nyumba za vitu vya kale. Msiri aliishika biashara ya shaba kwa mkono wa chuma. Nayo ilipita kwake ikaenda mashariki na magharibi, hata pwani mbili. Angalieni basi: jiwe lilichimbwa hapa, likayeyushwa hapa, likavutwa waya hapa. Kilichotoka nchini kilikuwa kitu kilichokwisha tengenezwa na fundi wa hapa.

Ya kampuni yanajulikana kwa wengi, tutayapita haraka. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Wapimaji wake wa kwanza hawakuhangaika sana kutafuta shaba. Walifuata mashimo ya zamani. Palipokuwa na shimo la wazee na vilima vidogo vya mavi ya shaba, hapo wakapiga kigingi. Gari la moshi lilifika Elisabethville kutoka kusini mwaka 1910, likaleta mashine na makaa ya mawe ya Wankie. Tarehe 30 Juni 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Siku hiyo hiyo, bila mtu kuiandika, tone la kwanza la mlima mweusi likamwagwa.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Wahandisi wa mwaka 1911 walitafuta kitu kimoja tu, shaba. Mawe ya kwanza yalikuwa na utajiri mno hata hawakujali kuacha shaba kidogo katika mavi. Pamoja na shaba ilikuwamo kobalti, madini ambayo wakati ule yalitumika hasa kutia rangi ya buluu katika vyungu na kioo. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuitoa kobalti kwa kazi ya peke yake, lakini tanuru la Lubumbashi liliendelea kuimwaga mlimani. Baadaye yakaja mawe ya Kipushi, ambayo yana zinki nyingi. Zinki nayo sehemu yake ikamwagwa mlimani. Na ndani ya mawe ya Kipushi palijificha madini mengine tena, ambayo wengi wa wasomaji wetu labda hawajasikia jina lake: jerimaniamu. Mjerumani Clemens Winkler aliyagundua mwaka 1886 huko Freiberg, akayapa jina la nchi yake, wala kwa miaka sitini hakuna aliyejua sana yafae nini. Mwaka 1947 katika Marekani ikatengenezwa transista ya kwanza, na ndani yake palikuwa na kipande cha jerimaniamu. Mwaka uliofuata jiwe la Kipushi lenye jerimaniamu lilipewa jina reniériti, kwa heshima ya Armand Renier, mjiolojia Mbelgiji. Leo jerimaniamu hutiwa katika nyuzi za kioo zinazochukua simu chini ya bahari, katika darubini zinazoona usiku, na katika vioo vya jua vya setelaiti.

Je, tuseme watu wa 1911 walikuwa wapumbavu? Hapana. Takataka si kitu chenye asili yake. Takataka ni kitu ambacho macho ya siku hiyo hayawezi kukisoma. Jambo la maana ni hili: waliomwaga mlima waliumwaga pahali pamoja, wala hawakuutawanya. Ndiyo maana leo waweza kurudiwa kama ghala.

Tarehe 1 Januari 1967 Serikali ya Kongo ikashika mali ya Union Minière iliyokuwa hapa, ikaunda kampuni ya taifa ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watawaeleza wenyewe nyakati njema za Gécamines, mgao wa unga, shule na hospitali. Katika miaka ya 1980 ilitoa karibu tani laki tano za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kisha vurugu, deni na uchovu wa mashine vikamaliza kazi. Matanuru ya Lubumbashi yakazimika, na mlima ukaacha kukua.

Kisha watu wakauangalia mlima kwa macho mengine. Wapimaji walipotoboa matundu ndani yake walikuta kobalti karibu mbili katika mia, kiasi ambacho mgodi mwingi wa dunia haukipati katika mawe mapya. Wala hapakuwa na haja ya kuchimba shimo wala kupasua mwamba. Mawe yalikuwa tayari juu ya ardhi, kando ya reli. Kampuni iitwayo kwa kifupi STL, yaani kampuni ya mlima wa Lubumbashi, ikaundwa kwa ubia: Wamarekani wa OM Group, George Forrest wa Lubumbashi, na Gécamines. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tanuru kubwa la umeme likaanza kuyala mavi. Kobalti na shaba zilizama chini zikiwa zimechanganyika. Zinki ilipanda na moshi, ikanaswa. Kilichobaki kilirudishwa chini, maana hata mavi huacha mavi.

Lakini mchanganyiko ule wa kobalti ulikwenda wapi? Ulipakiwa, ukapelekwa Kokkola, mji wa Finland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako OM Group ilikuwa na kiwanda cha kusafisha. Huko ndiko moto wa mwisho ulikowaka. Katika ubia ule Gécamines, mwenye mlima, ilikuwa na sehemu 20 katika mia.

Tumfuate sasa yule mwenyeji wa kwanza, Union Minière, tuone alikwenda wapi baada ya kutoka Katanga. Habari yake ni ya ajabu, na twafikiri wasomaji wachache wameisikia.

Tangu zamani shaba ya Katanga ilikuwa ikimaliziwa usafi wake Ubelgiji, katika viwanda vya Hoboken karibu na Antwerpen, na vya Olen. Olen ndipo mwaka 1922 palipoanza kutolewa radiamu kutoka mawe ya Shinkolobwe. Kampuni ilipopoteza migodi ilibaki na viwanda hivyo na mafundi wake. Ikajiuliza: bila mgodi tutayeyusha nini? Jibu likawa: tutayeyusha vitu vikuukuu. Kidogo kidogo, hasa tangu miaka ya 1990, Hoboken ikageuzwa kuwa kiwanda cha kurudisha metali. Mwaka 2001 kampuni ikaacha hata jina lake la zamani, ikajiita Umicore. Herufi mbili za mbele ndizo zinazokumbusha Union Minière. Hoboken leo hula mabamba ya kompyuta, simu za mkono zilizokufa, vichujio vya moshi wa motokari, na mabaki ya viwanda vingine, ikatoa metali kama kumi na saba na zaidi: dhahabu, fedha, platini, shaba, risasi, nikeli na nyingine. Tani moja ya mawe ya mgodi wa dhahabu mara nyingi ina gramu tano hivi za dhahabu. Tani moja ya mabamba ya kompyuta ina zaidi ya gramu 200. Mgodi umehama kutoka chini ya ardhi ukaingia kabatini mwa watu.

Tangu mwaka 2011 Hoboken inao pia mtambo wa betri, unaoweza kula tani 7,000 kwa mwaka. Katika betri hizo imo kobalti. Na kobalti yatoka wapi? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani yatoka Kongo.

Mtu asidhani kuwa duara ni kitu safi kwa sababu jina lake ni zuri. Wakaaji wa Moretusburg, mtaa ulio mlangoni mwa kiwanda cha Hoboken, wamepigana na vumbi la risasi miaka mingi. Watoto wao hupimwa damu. Mwaka 2020 kipimo kilipopanda, kampuni ilijitolea kununua nyumba zilizo karibu zaidi ili pawe na miti badala ya watu. Kwetu hapa, mtaa wa Penga Penga, upande ambao upepo uliupeleka moshi wa tanuru la Lubumbashi, ardhi ilibaki uchi, nyasi zikikataa kuota. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu waliokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwa watoto zaidi. Penga Penga na Moretusburg ni ndugu wa tumbo moja, ingawa hawajuani. Lakini sisi hatujasikia mtu aliyejitolea kununua nyumba za Penga Penga.

Turudi kwenye habari ya betri, kwa sababu humo mna jambo linalotuhusu sana, na twashangaa kuona jinsi linavyozungumzwa kidogo. Mwaka 2023 nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria mpya juu ya betri. Sheria yasema ya kuwa tangu Agosti 2031 betri za motokari za umeme zitakazouzwa kwao lazima ziwe na kobalti iliyorudishwa, isiyopungua sehemu 16 katika mia ya kobalti yote iliyomo. Baadaye kiasi hicho kitaongezwa. Sheria ni njema kwa dunia. Lakini hesabuni wenyewe. Kobalti haiozi, kama shaba isivyooza. Kila kilo tuliyoiuza mara moja itazunguka kwao mara ya pili, ya tatu na ya kumi, na sisi tumelipwa mara moja tu. Kobalti yetu ya jana itakuwa mshindani wa kobalti yetu ya kesho. Mhunzi wa Bunkeya alikuwa na duara mikononi mwake, kwa sababu bangili iliyovunjika ilirudi kwake. Bangili ya leo inavunjika Antwerpen.

Wengine watasema: basi na tukusanye vyuma vikuukuu vyetu wenyewe. Vizuri, na watu wanafanya. Nendeni katika mitaa ya miji yetu mtawaona vijana wanaoyeyusha vipande vya injini za alumini, wakavimimina katika kalibu ya mchanga kama wazee wao, wakatoa masufuria. Kazi hii inalisha nyumba nyingi wala haingoji mkutano wa mawaziri. Lakini katika nchi nyingine za Afrika, kama Kameruni, masufuria ya namna hiyo yalipopimwa yalionekana kutoa risasi katika chakula, maana fundi hana njia ya kujua kipande gani kina nini. Angesaidiwa kupima, angekuwa mhandisi. Siku hizi wengine humfukuza tu.

Kolwezi nako kuna ghala la namna nyingine. Tangu miaka ya 1950 kinu cha Kolwezi, kilichosaga mawe na kuosha shaba, kilimwaga makapi yake Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Ni tope jembamba, si mawe, zaidi ya tani milioni 100, lenye shaba na kobalti. Mvua ikinyesha lilichukuliwa na mto. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya Metalkol inalikusanya tope hilo na kulipitisha upya kiwandani. Mto unasafishwa na shaba inapatikana. Kazi mbili kwa jasho moja. Ubishi uliotangulia juu ya nani mwenye haki ya tope lile ulifika hata katika mabaraza ya ng'ambo, na watu waliobishania tope kwa mamilioni ya dola walitupa fundisho bila kukusudia.

Na mlima wa Lubumbashi? Siku hizi STL ni mali ya Gécamines yenyewe. Katika miaka hii ya karibuni ilijenga kiwanda kipya kando ya mlima, kinachotumia tindikali badala ya moto, ili kutoa yale ambayo tanuru la kwanza liliyaacha, na hasa jerimaniamu. Saa ilikuwa njema. Mwaka 2023 China, ambayo inatoa sehemu kubwa ya jerimaniamu ya dunia, iliweka sharti la kibali kwa kila mwenye kuitoa nchini, na viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kutazama huku na huku. Mzigo mdogo wa madini haya una bei ya mzigo mkubwa wa shaba.

Lakini kusafisha jerimaniamu hata ifae kwa setelaiti ni ufundi wa watu wachache. Katika Mei 2024 STL ilifanya mapatano na kampuni moja ya Ulaya: kampuni hiyo italeta elimu yake, nayo itapewa haki ya kununua na kusafisha jerimaniamu ya mlima. Jina la kampuni hiyo ni Umicore.

Someni tena jina hilo polepole. Aliyemwaga mlima anarudi kuununua mlima. Hatusemi kwa uchungu, kwani mapatano yaliandikwa mchana kweupe, na safari hii mwenye mlima ni Mkongomani, na hatua ya kwanza ya usafi inafanyika Lubumbashi kwa mikono ya wahandisi wengi waliosoma hapa hapa. Miaka ishirini iliyopita mchanganyiko ulitoka ghafi kwenda Finland. Sasa kinachotoka ni kitu kilichokwisha pita tindikali na kukusanywa. Ni hatua. Vijana wanaosoma kemia na metali katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaweza kuuona mlima ule madirishani, na twaomba walimu wao wawapeleke kwa miguu wakauguse.

Oktoba 2024 shehena ya kwanza ya jerimaniamu ya Lubumbashi ikaondoka kwenda Ubelgiji. Moto wake wa mwisho ungali Olen.